Taa za Kuzama Katika Dari Kongwe za Lipu Mombasa: Kutoboa, Kushusha Jipsamu, au Kubandika kwa Nje

Mwenye nyumba anayetaka taa za kuzama darini, zile ambazo mafundi huziita daunlaiti na wauzaji wengi huziita spotilaiti, kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya taa moja. Swali hilo halina kosa, lakini jibu lake halimsaidii kupanga fedha zake, kwa sababu katika nyumba kongwe za hapa Mombasa taa yenyewe ni sehemu ndogo ya gharama. Taa ileile ya wati 7 ambayo fundi huiweka kwa dakika chache katika jipsamu ya nyumba mpya ya Nyali yaweza kumchukua saa nzima katika dari ya lipu ya Makadara au Tudor, na katika dari ya boriti ya Mji wa Kale haifai kuzamishwa kabisa. Kinachoamua bei ni dari. Nimefanya kazi ya umeme wa majumbani kisiwani kwa miaka mingi, na kila hasara niliyoiona katika kazi ya taa hizi ilitokana na mtu kuchagua taa kwanza, kisha kuilazimisha dari iipokee.

Njia zilizopo ni tatu: kuitoboa dari ya zamani na kuzamisha taa humo, kushusha dari mpya ya jipsamu chini ya ile ya zamani, au kuiacha dari ilivyo na kutumia taa za kubandikwa kwa nje. Kabla ya kuzilinganisha, sharti ijulikane dari inayozungumziwa ni ipi.

Kuitambua dari

Katika nyumba za mawe za Kibokoni, Ndia Kuu na Mkanyageni, dari kongwe ni boriti za mikoko zilizolazwa sambamba kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mabamba ya matumbawe, na juu ya mabamba zege la chokaa ambalo ndilo sakafu ya orofa ya juu. Nafasi kati ya boriti imepigwa lipu ya chokaa. Hakuna uwazi ndani yake: ukitoboa unakutana na jiwe, na ukiendelea kutoboa unakaribia kutokea chumbani kwa jirani wa juu. Boriti hizo ndizo zinazobeba nyumba, na vyumba vyenyewe ni vyembamba kwa sababu upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti.

Aina ya pili ni ya nyumba za wakati wa ukoloni na za miaka ya mwanzo ya uhuru zilizoko Tudor, Ganjoni, Kizingo na Makadara, zenye paa la vigae au mabati na kenchi za mbao. Chini ya mbao hizo pamepigiliwa mapapi, yaani vipande vyembamba vya mbao vilivyoachiana nafasi kidogo, au wavu wa waya, kisha lipu ikasukumwa kutoka chini. Hapa jambo la kulielewa ni namna lipu hiyo inavyoshika. Ilipokuwa mbichi ilipenya katika nafasi za mapapi, ikafurika upande wa juu na kujikunja kama kulabu, na kulabu hizo zilizokauka ndizo zinazoishikilia dari nzima mpaka leo. Lipu ya unene wa milimita 20 ina uzito wa takriban kilo 35 kwa kila mita mraba, na uzito wote huo unaning'inia kwa vijikulabu ambavyo anayesimama chumbani havioni.

Ya tatu ni slabu ya zege iliyopigwa lipu moja kwa moja, kama ilivyo katika majengo mengi ya ghorofa ya katikati ya mji. Hiyo nitaipita haraka: haina nafasi ya kuzamisha taa, na kuichimba ili kupata nafasi ni kuzikaribia nondo za chuma zinazoibeba. Mwenye slabu ana njia mbili tu, jipsamu au taa za nje.

Ipo pia dari ya mabamba ambayo kwa mbali hufanana na lipu. Ukiona viungio vilivyonyooka vilivyofunikwa kwa vipande vya mbao, na bamba ni gumu na la kijivu kama saruji, usilitoboe wala kulikata kabla ya kuhakikisha kwamba si asbestosi. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na uondoaji wake ni kazi ya watu wenye kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Kwa dari ya mapapi, uchunguzi ni rahisi na haugharimu chochote. Panda ngazi, gonga kwa kifundo cha kidole kila baada ya shibiri moja, kisha kandamiza kwa kiganja kilichokunjuliwa. Lipu iliyoshika hutoa sauti ya kukaza na haisogei. Lipu iliyoachia hutoa sauti ya chungu chenye ufa, na ukiikandamiza huinuka kidogo, ukiondoa mkono hurudi. Ikiwa dari ina kidirisha cha kuingilia, ingia na tochi utazame kulabu kutoka juu: zikiwa zimevunjika utaziona zimelala ovyo juu ya mapapi kama maganda. Madoa ya maji ya rangi ya chai yanaonyesha pale ambapo masika yaliingia, na ndiyo sababu napendelea kuikagua dari kati ya Juni na Julai, mvua kubwa zikiwa zimetoka kuonyesha kila tundu la paa, kuliko kuikagua wakati wa kaskazi ambapo kila kitu ni kikavu na kinadanganya.

Njia ya kwanza: kuitoboa dari ya zamani

Faida yake kubwa ni kwamba chumba kinabaki na sura yake. Kimo hakipungui, nakshi za lipu pembezoni mwa dari zinabaki, na kile kitanzi cha chuma kilichobeba pangaboi tangu zamani kinaendelea kuibeba. Kwa mtu anayependa nyumba yake jinsi ilivyojengwa, hii ndiyo njia yenye heshima zaidi, mradi dari iwe nzima.

Ugumu wake uko katika mkato. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi katika nyumba moja ya Tudor, sebule ya taa nane. Tundu nne za mwanzo nilizikata kwa msumeno wa duara uendao polepole, zikatoka safi. Kwa la tano nilikuwa na haraka, jua linazama, nikachukua msumeno wa umeme unaokwenda mbele na nyuma. Nilihisi mapapi yakitikisika mkononi, na kabla sijauzima nikasikia mlio kama wa muwa unaovunjwa gotini. Kipande cha lipu cha ukubwa wa mkeka wa kuswalia kilishuka chote kwa pamoja juu ya kochi. Hapakuwa na mtu chini, namshukuru Mungu. Mwenye nyumba, mama wa makamo, aliingia akatazama juu, akasema tu, "Mwanangu, hiyo dari aliiacha marehemu babangu." Niliijenga upya kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo msumeno wa namna ile haugusi dari ya mapapi mbele yangu.

Mkato sahihi huanza kwa tundu dogo la milimita 5 katikati ya duara lililochorwa kwa penseli. Chukua kipande cha waya mgumu, kikunje kama herufi L, mkono mmoja ukiwa na urefu sawa na nusu ya upana wa tundu litakalokatwa pamoja na vidole viwili vya ziada. Uingize mkono huo juu ya dari, kisha uuzungushe taratibu duara zima. Ukizunguka bila kugota, pako wazi. Ukigota, kuna ubao, na taa sharti isogezwe. Nafanya hivyo kwa kila taa bila kuruka hata moja, kwa sababu kuziba tundu la milimita 5 ni kazi ya kidole chenye skimu, ile lipu laini ya kumalizia, ilhali kuziba duara la milimita 90 lililokatwa mahali pasipofaa ni kazi ya nusu siku. Baada ya hapo hutumika msumeno wa duara wenye kingo za chembe ngumu za kabaidi, kwa mwendo wa chini, drili ikiwa imezimwa kigongo chake, na mkono usiosukuma. Ikiwa ndani kuna wavu wa waya, lipu hukatwa hadi kwenye wavu, kisha waya hukatwa mmoja mmoja kwa mkasi wa bati, kwani ukiuvuta wavu unaivuta lipu ya mita nzima.

Taa yenyewe sharti inunuliwe na iwe mkononi kabla ya tundu kukatwa. Taa mbili zinazofanana kwa sura huweza kuhitaji matundu ya milimita 75 na 90, na kulipanua tundu la lipu lililokwisha kukatwa ni taabu, kwa sababu msumeno umepoteza kitovu chake. Jambo la pili la kupima ni springi za pembeni. Taa nyingi za madukani zimetengenezwa kwa bamba la jipsamu la milimita 9 au 12, lakini lipu pamoja na papi hufika milimita 25 hadi 30, na springi fupi haifunguki ndani ya unene huo, hivyo taa huning'inia nusu nje au hudondoka baada ya wiki. Waulizeni wauzaji unene wa juu ambao springi inaushika, na kama hawaujui, pimeni wenyewe kwa rula hapo dukani.

Njia ya pili: kushusha jipsamu

Hii ndiyo njia inayopendekezwa kwa haraka zaidi siku hizi, na sababu yake inaeleweka. Fundi hujenga fremu ya mabati mepesi chini ya dari kongwe, hupigilia mabamba ya mita 1.2 kwa 2.4, huziba viungio, hupiga skimu na rangi, kisha hukata matundu ya taa kwa wepesi kama anayekata biskuti kwa kikombe. Nyaya zote mpya hupita katika nafasi ya sentimita 10 hadi 15 inayobaki kati ya dari mbili. Nyufa za zamani hazionekani tena, na taa hukaa popote upendapo bila kutafuta ubao.

Hata hivyo, kutoonekana kwa nyufa ndiko kunakonitia wasiwasi. Ikiwa lipu ya juu imeachia na ikaachwa hapo, itakuja kuanguka juu ya jipsamu, na jipsamu haikupimwa kuubeba mzigo huo. Kwa hiyo ama fremu ya mabati ifungwe moja kwa moja kwenye mbao za kenchi kwa skrubu ndefu zinazopitia lipu na kuibana, ama lipu mbovu ishushwe yote kwanza. Kuishusha si kazi ndogo. Sebule ya mita 4 kwa 5 yenye kilo 35 kwa kila mita mraba hutoa kifusi cha kilo 700, na katika mitaa ambayo lori haliingii kifusi hicho hutoka kwa mkokoteni, gunia kwa gunia. Fundi asiyeitaja gharama hiyo mwanzoni ataitaja katikati ya kazi.

Tena yapo mawili yanayohusu mji wetu wenyewe. La kwanza ni joto. Dari za juu za nyumba kongwe hazikuwekwa kwa fahari. Hewa ya moto hupanda na kukaa juu ya vichwa vya watu, na matundu ya hewa yaliyo juu ya milango na madirisha huitoa. Jipsamu ikishuka chini ya usawa wa matundu hayo inayaziba, na chumba kilichokuwa na upepo kinaanza kuhitaji mashine ya kupoza hewa. La pili ni maji. Jipsamu ya kawaida ikinyeshewa hulainika, hutepeta na kuota kuvu, ilhali lipu ya chokaa hulowa, hukauka, ikaacha doa tu. Palipo na paa linalovuja, paa litengenezwe kwanza, na katika bafu litumike bamba la kijani linalostahimili unyevu.

Kuhusu pangaboi, naomba msomaji asilichukulie jambo hili kwa wepesi: pangaboi haifungwi kwenye jipsamu kwa hali yoyote. Bomba lake lipitie tundu la jipsamu hadi kwenye ubao au kitanzi cha zamani, na mabawa yabaki walau mita 2.3 juu ya sakafu.

Njia ya tatu: kuiacha dari na kubandika taa kwa nje

Wateja wengi huiona njia hii kama ya mnyonge, na mimi huona wanaikosea haki. Zipo sasa taa za LED za umbo la kopo zinazobandikwa chini ya dari na kumwaga mwanga ule ule wa taa ya kuzama, zipo paneli za duara zenye unene usiozidi sentimita 4, na zipo reli ambazo taa tatu au nne hutelezeshwa juu yake na kuelekezwa zinapohitajika. Kila taa huhitaji skrubu mbili na tundu la waya tu. Zikiharibika hubadilishwa bila kuigusa lipu.

Kasoro yake ni njia ya waya. Pasipo nafasi juu ya dari, waya hupita katika trankini ya plastiki, nayo ikiwekwa ovyo huharibu chumba. Ikilazwa sambamba na boriti, katika kona ya kivuli, na kupakwa rangi ya dari, jicho huizoea. Katika nyumba za boriti napenda zaidi taa za ukutani zinazomulika juu, kwa maana boriti zenyewe ni pambo, na mwanga ukitoka chini yake huonekana moja moja, pamoja na alama za tezo.

Kwa Mji wa Kale kuna sababu ya ziada. Eneo hilo ni la uhifadhi, na mabadiliko ya majengo yake husimamiwa na ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Taifa ya Kenya, kwa mujibu wa Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006. Mwenye nyumba azungumze na ofisi hiyo kabla ya kununua vifaa, si baada ya fundi kuanza kazi.

Hesabu ya chumba kimoja

Tuchukue sebule ya mita 4 kwa 5, yaani mita mraba 20, dari ya lipu na mapapi, taa za LED za wati 7. Bei zifuatazo ni za mfano wa kupigia hesabu, na kila mtu aweke mahali pake bei atakazopewa. Kinachofaa kutazamwa ni namna fedha zinavyogawanyika.

Kwa kutoboa: taa nane kwa shilingi 900 ni 7,200, nyaya, paipu na visanduku vya maungio 6,000, ukataji na ufungaji kwa shilingi 800 kila tundu ni 6,400, skimu na rangi ya dari nzima 8,000, kwa kuwa kiraka cha rangi mpya katika dari ya zamani huonekana daima. Jumla ni shilingi 27,600, na mimi huongeza moja ya tano, takriban 5,500, kwa ajili ya lipu itakayovunjika. Isipovunjika, fedha hizo ni za mwenye nyumba.

Kwa jipsamu: mita mraba 20 kwa shilingi 1,800 pamoja na fremu na skimu ni 36,000, rangi 8,000, taa 7,200, nyaya 6,000, ufungaji kwa shilingi 300 kila taa ni 2,400. Jumla ni 59,600, kabla ya kushusha lipu ya zamani na kubeba kifusi, ambavyo pamoja vyaweza kuongeza 15,000.

Kwa taa za nje: taa sita kwa shilingi 1,300 ni 7,800, trankini na nyaya 5,000, ufungaji kwa shilingi 500 kila taa ni 3,000, marekebisho madogo ya rangi 2,000. Jumla ni 17,800.

Utaona kwamba katika hesabu ya jipsamu taa ni chini ya moja ya nane ya fedha zote. Anayebishana na muuzaji ili apunguziwe shilingi 100 kwa taa anaokoa 800, huku uamuzi wake juu ya dari umemgharimu zaidi ya 30,000. Ndiyo maana nasema fedha za kuchagua taa bora zipo. Ziondolewe katika dari, zisiondolewe katika taa.

Waya uliomo ndani

Nyaya za zamani zilivikwa mpira, nao mpira ukizeeka hukauka na kumeguka kama makombo ya mkate mara unapoukunja. Ukifungua kisanduku cha swichi na kuona mpira wa namna hiyo, au kitambaa kilichozungushiwa waya, usiunganishe taa mpya hapo. Vuta waya mpya wa milimita mraba 1.5 kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi. Mara nyingi pia saketi za taa za zamani hazina waya wa ardhi, au zilitegemea paipu ya chuma ambayo hewa yetu ya chumvi imekwisha kuila. Katika hali hiyo, taa yenye alama ya mraba ndani ya mraba, inayomaanisha ina kinga maradufu, ni salama zaidi kuliko taa ya chuma inayohitaji ardhi isiyokuwepo. Rangi nazo zisimchanganye mtu: katika nyaya za zamani nyekundu ndiyo yenye umeme na nyeusi ni nyutro, ilhali katika mpya kahawia ndiyo yenye umeme na buluu ni nyutro.

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati nchini Kenya. Muulize akuonyeshe leseni kabla hajapanda ngazi. Fundi wa kweli hachukizwi na swali hilo.

Taa ya kununua

Halojeni za wati 50 bado zinapatikana, na bei yake huvutia. Nane zake ni wati 400. Zikiwaka saa tano kila usiku kwa siku 30 zinatumia uniti 60, ilhali LED nane za wati 7 zinatumia uniti 8.4. Kwa kadirio la shilingi 30 kwa uniti, ni shilingi 1,800 dhidi ya 252 kwa mwezi. Juu ya hayo, halojeni hutoa joto kali ndani ya dari yenye mbao kavu za miaka 60 na vumbi la miaka 60. Sizifungi, hata mteja akinisihi.

Kati ya LED zenyewe, uchaguzi ni kati ya taa iliyofungwa yote pamoja na kishikio chenye balbu inayobadilishwa. Kwa dari ya lipu napendelea kishikio cha balbu: balbu ikifa inachomolewa kwa mkono, na tundu halitafutiwi taa nyingine ya kipimo kile kile baada ya kiwanda kuacha kuitengeneza. Mwenye kuchagua iliyofungwa anunue mbili za akiba siku hiyo hiyo. Atazame pia draiva, kile kisanduku kidogo kinachokaa juu ya dari: chini ya paa la mabati adhuhuri pana joto kali, na draiva iliyoandikwa kiwango cha nyuzi 40 haitadumu hapo. Springi na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Bafuni, taa iwe ya kiwango cha kinga dhidi ya maji cha IP44 au zaidi.

Rangi ya mwanga ni Kelvini 2,700 hadi 3,000 kwa sebule na vyumba vya kulala. Ile nyeupe ya 6,500 huifanya lipu ya chokaa ionekane ya kijivu, na kila wimbi la mkono wa fundi wa zamani hujitokeza. Nafasi kati ya taa na taa iwe takriban nusu ya kimo cha dari, na kutoka ukutani nusu ya nafasi hiyo: dari ya mita 3.2, taa kila mita 1.6, na mita 0.8 kutoka ukutani. Palipo na pangaboi ya inchi 56, mabawa yake hufagia duara la mita 1.4, na taa yoyote iliyo juu ya duara hilo itakatwakatwa na mabawa na kukifanya chumba kipepese hadi macho yaume. Taa ziwe mbali na duara hilo hata kama mpangilio wa karatasi unakataa.

Ninavyoamua

Lipu ikiwa imeshika kwa chumba chote, na mwenye nyumba yuko tayari kulipia mkono wa polepole, ninatoboa, na ninapunguza idadi: taa sita zilizokaa vizuri ni bora kuliko kumi na mbili, kwani kila tundu ni njia ya joto, vumbi na mijusi kutoka darini. Lipu ikiwa imeachia katika zaidi ya theluthi moja, sitoboi. Naishusha, kisha jipsamu, ikiwa juu ya matundu ya hewa. Imeachia pembeni tu? Pembe hizo hurudishwa kwa skrubu na vikombe vya bati, zikazibwa, na taa zikakaa katikati palipo imara. Boriti na slabu, taa za nje.

Mwezi uliopita niliitwa Kibokoni na bibi mmoja ambaye watoto wake walikuwa wamemshauri ashushe jipsamu chumba kizima. Fremu ilikwisha kununuliwa na ilikuwa imeegemezwa ukumbini. Nilimwomba azime taa ya dari, nikawasha tochi nikaielekeza juu kutoka kando ya ukuta. Boriti ishirini na moja zikatokea, kila moja na kivuli chake. Alizitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Fundi, hizi fremu duka litazirudisha?" Lilizirudisha kwa kukata kidogo. Tuliweka taa nne za ukutani zinazomulika juu, na mbili za kopo karibu na meza ya chakula, trankini ikiwa imelazwa katika kivuli cha boriti ya mwisho.